Mgomba Hauvuki Bahari Peke Yake

Ukipita asubuhi katika vichochoro vya Lindi, kimoja cha vijiji vya Kibera mjini Nairobi, utamkuta muuza ndizi amekwisha kupanga chane zake juu ya gunia. Mwanafunzi aendaye shule hununua ndizi, akaimenya, akaila njiani, wala hajiulizi neno. Lakini wewe, msomaji, hebu simama kidogo hapo. Itazame ndizi uliyoimenya. Je, waona ndani yake mbegu iwezayo kuota? Huioni. Mgomba hupandwa kwa chipukizi ling'olewalo kando ya mgomba mama, likachukuliwa kwa mkono wa mtu. Nazi yaweza kuelea baharini, ikatupwa ufuoni, ikaota. Mbegu ya mpera yaweza kuchukuliwa na ndege. Lakini mgomba hauvuki bahari peke yake.

Nao mgomba asili yake si Afrika. Ulianza kulimwa katika kisiwa cha New Guinea na visiwa vya kusini-mashariki ya Asia, na mahali paitwapo Kuk, huko New Guinea, pameonekana alama za kilimo chake za zamani sana, kiasi cha miaka 7,000 iliyopita. Hapana budi, basi, kuwa kuna watu walioubeba mpaka kwetu. Wengine katika wataalamu husema ulipitia Bara Hindi na Arabuni. Wengine husema uliletwa na mabaharia waliotoka visiwa vya mashariki moja kwa moja. Habari za mabaharia hao ndizo nitakazo kukusimulia, maana hawakutuachia kitabu, na yafaa ujifunze jinsi historia inavyoulizwa pale ambapo maandishi yamenyamaza.

Kabla hatujaondoka Kibera, tega sikio lako umsikilize mzee wa Kinubi akizungumza na wajukuu zake. Mababu wa watu hawa walikuwa askari wa asili ya Sudani waliotumikia jeshi la Waingereza, nao walipewa kukaa katika msitu huo mwanzoni mwa karne ya 20. Lugha yao, Kinubi, shina lake ni Kiarabu cha Sudani. Hata kama karatasi zote za serikali zingaliungua, mtu asikiaye Kinubi angalijua kwamba watu hawa wametoka mbali, tena angalijua ni upande gani. Shika kanuni hiyo, kwa sababu ndiyo itakayotufikisha Bukini.

Bukini ni jina la zamani ambalo Waswahili walikiita kisiwa cha Madagaska. Toka pwani ya Msumbiji mpaka kisiwa hicho, pale mkondo ulipo mwembamba, ni kiasi cha kilomita 400 tu. Mtu angetazamia wenyeji wake waseme lugha iliyo jamaa ya Kimakua au Kiswahili. Sivyo. Mmalai wa mashariki ahesabupo husema dua, empat, lima, enam, yaani mbili, nne, tano, sita. Mmalagasi husema roa, efatra, dimy, enina. Mmalai huita jiwe batu, mwezi bulan, na mbingu langit. Mmalagasi huita vato, volana na lanitra. Mwaka 1951 Otto Dahl, mmisionari wa Norwe aliyekaa Madagaska, alionyesha kwamba lugha iliyo karibu kabisa na Kimalagasi ni Kimaanyan, kisemwacho kusini ya kisiwa cha Borneo, katika nchi ya mto Barito. Kutoka huko mpaka Madagaska ni zaidi ya kilomita 6,000 za maji.

Desturi nazo zashuhudia. Katika milima ya kati ya Madagaska mpunga hulimwa katika majaruba yenye maji, ngazi juu ya ngazi, kama ilivyo Java. Kinanda chao mashuhuri, valiha, hutengenezwa kwa kipande cha mwanzi chenye nyuzi kukizunguka, na vinanda vya jinsi hiyo vyaonekana katika visiwa vya mashariki pia.

Je, safari ya namna hiyo yawezekana? Katika hekalu la Borobudur huko Java, lililojengwa katika karne ya 8 na ya 9, zimechongwa ukutani sura za merikebu zenye matanga, na ubavuni mwake zina magogo ya kuelea yanayozuia chombo kisipinduke. Mwaka 2003 ilitengenezwa merikebu kwa kuiga michoro ile, ikaitwa Samudra Raksa. Iliondoka Jakarta, ikavuka Bahari ya Hindi, ikazunguka kusini ya Afrika, ikafika Accra, Ghana, mwezi wa Februari 2004. Hiyo haithibitishi kwamba watu wa kale walipita njia ile ile, lakini yaonyesha kwamba chombo chao kiliweza.

Sasa nenda pwani yetu, uitazame ngalawa ya mvuvi. Ni mti uliochongwa, mwembamba, ambao peke yake ungepinduka kwa wimbi la kwanza. Kinachouzuia ni matengo, yale mabao mawili yaliyofungwa kwa miti, moja kuume na moja kushoto. Chombo cha jinsi hii ni cha kawaida pwani yetu, Komoro na Madagaska, na ukivuka bahari utakikuta tena katika visiwa vya Wamalai. Mvuvi anayefunga matengo yake alfajiri ameurithi ujuzi huo kwa baba yake, naye baba kwa babu, wala hajui kwamba mikono yake yarudia kazi ya mafundi wa upande wa pili wa bahari.

Maandishi nayo hayakunyamaza kabisa. Nahodha mmoja Mwajemi, Buzurg ibn Shahriyar, alikusanya hadithi za mabaharia katika kitabu cha ajabu za Bara Hindi. Humo imesimuliwa kwamba mwaka 334 wa Hijra, yaani 945 au 946, watu walioitwa Wakwak walikuja na vyombo vipatavyo elfu kuushambulia mji wa Kanbalu, ambao wataalamu wengi huudhania kuwa Ras Mkumbuu, Pemba. Walisema wamesafiri mwaka mzima, na kwamba wanatafuta pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari, na watu wa kuwafanya watumwa. Idadi ya vyombo usiishike sana, maana hesabu za mabaharia hukua njiani. Lakini lishike hili: wageni wale hawakuja wote kwa amani. Miaka 200 baadaye, mwaka 1154, al-Idrisi, aliyeandika jiografia yake kwa mfalme wa Sicily, alieleza habari nyingine: kwamba watu wa visiwa vya Zabaj huja nchi ya Zanji kufanya biashara, na kwamba wao na wenyeji husikilizana lugha. Vita na soko vilikuwamo katika bahari moja.

Hapa nakuonya. Ushahidi hupimwa, hauabudiwi. Mwaka 1964 padri A. M. Jones alitoa kitabu akidai kwamba marimba za Afrika zatokana na Indonesia, kwa kuwa sauti zake zafanana. Wataalamu wengi hawakukubali, kwa maana watu wawili wasioonana kamwe waweza kubuni jambo moja. Tena walikuwako wageni wenye tabia ya kudhani kila jambo jema lililomo Afrika limeletwa. Ukisoma maneno kama hayo, uliza: shahidi ni nani? Mgomba ni shahidi mzuri kwa sababu hauwezi kubuniwa mara mbili. Kufanana kwa sauti ni shahidi dhaifu.

Na shahidi mzuri husema hata yale tusiyotazamia. Mmalagasi humwita ng'ombe omby, kondoo ondry, kuku akoho, na mbwa amboa. Maneno hayo si ya Borneo. Ni ya jamaa zetu Wabantu. Basi wageni wale, walipofika pande hizi, walijifunza ufugaji kwa Waafrika. Hata kuku, ambaye asili yake ni kusini-mashariki ya Asia, walimpa jina la Kiafrika! Walioana pia na wenyeji, na uchunguzi wa damu umeonyesha kwamba asili ya Wamalagasi ni ya Afrika na ya Asia, karibu nusu kwa nusu. Mwaka 2016 wachimbaji wa mambo ya kale walitangaza kwamba wamepata mabaki ya mchele na choroko ya karne ya 8 mpaka ya 10 katika Komoro na Madagaska, hali pwani ya bara mazao ya wakati ule yalikuwa hasa mtama na uwele. Watu wa pwani, basi, hawakupokea kila kitu kwa vile tu kimeletwa.

Lakini mgomba waliupokea. Wakulima wa Buganda, Bukoba na Kilimanjaro waliuchagua, wakautunza kizazi baada ya kizazi, hata zikapatikana aina nyingi za ndizi ambazo ni za milima yetu hasa. Mgeni alileta chipukizi, na mwenyeji akafanya shamba. Kazi zote mbili ni za historia, wala hakuna sababu ya kuona haya kwa ya kwanza, wala ya kuisahau ya pili.

Kesho, msomaji, utakapopita tena Lindi au sokoni kwenu, nunua ndizi yako. Kisha muulize muuzaji inatoka shamba gani, na mwenye shamba alipewa chipukizi na nani. Mzee wa jirani yako naye muulize majina ya vitu katika lugha yake, uyaandike.