Kumngoja Mtoto wa Nchi ya Mbali

Kwetu vijijini, mtoto akifiwa na wazazi wake hazipiti siku nyingi kabla hajachukuliwa na shangazi, au mjomba, au baba mkubwa. Hakuna karatasi iandikwayo, wala hakimu aulizwaye. Watu wote wamjua ni mwana wa nani, na hata akilelewa katika nyumba nyingine, jina la babaye halipotei. Kwa sababu hiyo, tusikiapo ya kwamba wako watu huko Ulaya na Marekani wangojao miaka mitatu, minne, au kupita, ili wapate kumwasili mtoto mmoja wa nchi nyingine, yaani kumfanya mwana wao kwa sheria, twastaajabu. Twauliza: Mtoto hana mama, na mama hana mtoto, basi wangojea nini? Swali hili ni jema, na jibu lake limo katika habari za miaka sabini iliyopita, nazo tumeona vema kuzieleza hapa.

Vita vya Korea vilianza mwaka 1950, vikakoma mwaka 1953. Nchi ilikuwa imeharibika, na watoto wengi sana walikuwa hawana kwao. Miongoni mwao walikuwamo waliozaliwa na akina mama wa Korea kwa askari wa kigeni. Hao walidharauliwa kuliko wote, kwa kuwa katika nchi ile mtoto asiye na jina la baba hakuwa na mahali katika kitabu cha ukoo.

Mwezi wa Desemba 1954, mkulima mmoja wa Creswell, katika jimbo la Oregon, Marekani, jina lake Harry Holt, pamoja na mkewe Bertha, walionyeshwa picha za sinema za watoto hao. Walikuwa Wakristo, nao walikuwa na watoto sita wao wenyewe. Wakakata shauri kuwachukua wanane. Lakini sheria ya Marekani ya wakati ule iliruhusu wawili tu kwa nyumba moja. Basi wakaliomba Bunge la nchi yao liwatungie sheria yao peke yao. Bwana Holt hakungoja jibu. Akasafiri kwenda Korea kuwatafuta watoto, na Bibi Bertha akabaki nyumbani akiandika barua na kungoja. Sheria ikapitishwa mwaka 1955, na tarehe 14 Oktoba mwaka ule Bwana Holt akashuka katika ndege mjini Portland pamoja na watoto kumi na wawili: wanane wake, na wanne wa watu wengine.

Habari hiyo ikaenea katika magazeti, na barua zikamiminika kutoka kwa watu waliotaka watoto kama hao. Mwaka 1956 akina Holt wakaanzisha chama cha kazi hiyo. Ili kupunguza kungoja, wakatumia njia ya wakili: mume na mke wakaao Marekani waliweza kumwasili mtoto katika mahakama ya Korea bila kumwona, mtu mwingine akisimama badala yao. Watoto wakasafirishwa wengi pamoja katika ndege zilizokodiwa. Wataalamu wa malezi walilalamika kwamba nyumba za wazazi hazikuchunguzwa vya kutosha, na mwaka 1961 sheria ya Marekani ikaibana njia ile. Ni haki kusema kwamba haraka hiyo haikutoka katika ubaya. Watoto walikuwa wakifa, na mtu aonaye nyumba inaungua haulizi kwanza mwenye nyumba ni nani.

Walakini moto ulipozimika, haraka haikukoma. Korea ilijengwa upya, ikawa nchi ya viwanda, na watoto wakazidi kutolewa. Mwaka 1985 peke yake walitoka zaidi ya 8,000. Vyama vya kazi hiyo vililipwa ada kwa watoto waliopelekwa, na mtoto aliyeandikwa kuwa yatima alisafiri upesi kuliko yule aliyejulikana ana mama. Basi wengine wakaandikwa yatima, na wazazi wao wako hai. Wengine walipewa jina na karatasi za mtoto mwingine. Mwezi wa Machi 2025, tume ya Korea Kusini ya kutafuta kweli ilitangaza kwamba mambo hayo yalitendeka, na ya kuwa serikali haikutimiza wajibu wake wa kuwalinda watoto. Leo hao watoto wa zamani ni watu wazima, na wengine wana mvi. Wako wanaorudi Korea kuwatafuta mama zao, na karatasi walizo nazo mkononi zasema uongo.

Sisi walimu, tuandikao majina katika daftari la shule kila mwaka, twalijua jambo hili kwa udogo wake. Jina likiandikwa kwa makosa siku ya kwanza, kosa lile humfuata mtoto mpaka katika cheti chake. Je, si zaidi kosa la kufuta mama?

Kwa sababu ya mambo kama hayo, mataifa yalikutana mjini The Hague, Uholanzi, na tarehe 29 Mei 1993 yakafanya mapatano. Yasema kwamba mtoto atafutiwe kwanza nyumba katika nchi yake; kwamba ridhaa ya mama ipatikane baada ya mtoto kuzaliwa, wala isinunuliwe; na kwamba wazazi wapya wachunguzwe kabla ya kukabidhiwa. Korea Kusini yenyewe ilianza kufungwa na mapatano hayo mwezi wa Oktoba 2025. Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Wanaongoja wanangojea nyumba yao ikaguliwe, hati zao za polisi na za daktari zitazamwe, ndugu za mtoto watafutwe, na mahakama iulize: Huyu ni mwana wa nani?

Wala tusiwadharau wanaongoja. Kwa wengi hufika siku ya kupokea picha ya mtoto na karatasi ya afya yake. Hulijua jina lake, lakini sauti yake hawajaisikia. Humtayarishia kitanda, na miezi hupita kitanda ki tupu. Tena mlango waweza kufungwa ghafula. Urusi iliwakataza Wamarekani kwa sheria ya Desemba 2012. Jirani zetu Kenya walisimamisha kuwapa wageni watoto mwezi wa Novemba 2014, na Ethiopia ikakataza mwaka 2018. China nayo ilitangaza mwaka 2024 kwamba imekoma, isipokuwa kwa wageni walio ndugu wa damu wa karibu. Na mamia ya nyumba za Marekani zilikuwa zimekwisha kuonyeshwa watoto wao. Watoto nao wakabaki.

Basi twaona kwamba kungoja ni kwa namna mbili. Kuna kungoja ambako mtu fulani anamtafuta mama wa mtoto. Huko ni ngao ya mtoto. Na kuna kungoja ambako faili limelala katika sanduku la meza. Huko ni wizi, kwa maana kwa mtoto wa mwaka mmoja, mwaka ni umri wake wote. Wakubwa wa kazi hiyo hawana budi kuzipambanua hizo mbili.

Na sisi tusidhani kwamba habari hii ni ya wageni tu. Siku hizi watoto wetu huhamia miji ya mbali pamoja na walezi wao, ambako hakuna mzee awezaye kusema, “Huyu ni mwana wa fulani.” Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nasi twaongeza ya kuwa kutunza jina ni sehemu ya kulea. Ukimchukua mtoto wa ndugu yako aliyefariki, andika jina la babaye na la mamaye, na kijiji alichozaliwa, ukakitafute cheti chake cha kuzaliwa na kukiweka mahali pakavu. Iko siku atakuuliza, naye anastahili kupata jibu la kweli.