Nani Alituita wa Nyika?

Ukipanda matatu Voi kuja kwetu Chala, nyika utaiona kweli: Tsavo Magharibi, miti ya miiba, vumbi jekundu hadi kwenye nywele. Lakini ukiuliza watu wa kaunti hii asili yao iko wapi, watakuonyesha kwingine. Wadawida watanyoosha kidole milimani. Wasaghala wana mlima wao juu ya Voi. Wataveta walijenga maskani ndani ya msitu wa mto Lumi. Sasa kwani ilikuwaje vitabu vya isimu vikaiweka lugha ya Kitaita kwenye kundi linaloitwa Nyika?

Jina lilitoka pwani. Kwa mtu wa Mombasa, aliyeishi bara nyuma ya minazi alikuwa Mnyika, na hilo halikuwa jina la kumsifu mtu. Lilimaanisha wa porini, asiyestaarabika. Krapf na Rebmann, wamisionari walioishi Rabai, walilichukua lilivyo. Kamusi yao ya lugha ya huko, iliyochapishwa 1887 wote wawili wakiwa wamekufa, inaiita Kinika.

Wenyewe hawakulitaka. Miaka ya 1940 walishika jina lao, Mijikenda, yaani miji tisa. Leo mwite Mgiriama Mnyika uone kama mtaachana kwa amani. Hata hivyo Malcolm Guthrie, mwanaisimu wa London, alipozipanga lugha za Kibantu mwaka 1948, neno hilo lilibaki. Kipokomo, lugha za Mijikenda na Kitaita vikawekwa pamoja kwenye kundi la E70, na mpaka leo ukitafuta E70 utakutana na Nyika.

Hata "Kitaita" chenyewe si jina rahisi. Mwaka 1894 mmisionari J. Alfred Wray alitoa kitabu cha sarufi ya lugha ya Kitaita. Wray aliishi Sagalla, na alichoandika ni Kisaghala. Mdawida akikifungua hatajisikia nyumbani, maana lugha hizo mbili zimeachana sana. Kitaveta nacho Guthrie alikiweka mbali kabisa, G21, jirani na Chasu ya Wapare ambayo ni G22. Kwa hiyo mimi wa Chala, ninayeitwa Mtaita kila nikifika Nairobi, ndugu wa karibu wa lugha ya Taveta nawakuta ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Mpaka wenyewe unakata ziwa letu katikati. Kaunti ikatuunganisha kwa jina moja, Taita Taveta, na wengi hulikatia nusu ya kwanza.

Halafu kuna hili ambalo mimi hulipenda zaidi. Mwaka 1993 Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha utafiti mkubwa kuhusu kundi walilolipa jina la mto, Sabaki. Ndani yake kuna Kiswahili, lugha za Mijikenda, Kipokomo, Kielwana na lugha za Komoro. Yaani Mswahili na yule aliyemwita Mnyika walinyonya titi moja. Aliyekuwa anatukana alikuwa anamtukana ndugu yake. Kitaita hakimo humo.

Utasema haya ni majina tu ya wasomi. Hebu fikiria. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Itakuza ipi, kama Kitaveta kinahesabiwa chini ya Kitaita na Kisaghala kinadhaniwa ni Kidawida kilichopindwa ulimi? Lugha isiyo na jina lake haiandikiwi kitabu cha darasa la kwanza. Hapa Chala watoto wanacheza kwa Kiswahili, na wanaojua Kitaveta vizuri ni akina nyanya.

Jina la nyika alilitoa mtu aliyekuwa amesimama ufukweni akitutazama kwa mbali. Mimi nataka tuhesabiwe na mtu aliyepanda mpaka huku, akamuuliza nyanya mmoja baada ya mwingine: bibi, wewe unaongea nini?