Milango ya Mji wa Kale: ya zamani kweli, au imezeeshwa?

Wakenya wengi hawajui kuwa sheria ya nchi yao inalinda milango. Katika Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, vitu vinavyolindwa vimefafanuliwa, na kitu cha kwanza kutajwa ni mlango au fremu ya mlango iliyochongwa nakshi kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki kabla ya mwaka 1946. Vitu vingine vya kale vinavyohamishika vimewekewa mpaka wa 1895, mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake hapa. Mlango umeongezewa nusu karne nzima. Nadhani aliyeandika kifungu hicho alikuwa amepita Ndia Kuu, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, na macho wazi.

Sababu ya kuulinda ni kwamba mlango hubebeka. Nyumba ya mawe na chokaa haiibiki, lakini paa likishabomoka na warithi wakitofautiana, mlango ndio wa kwanza kuondoka. Huenda ukawa mlango wa hoteli, au ukalazwa, ukawekewa kioo juu, ukawa meza ya sebuleni mbali na bahari. Na pale milango halisi ilipoanza kuwa adimu, soko halikungoja. Likaanza kujitengenezea ya "kale".

Ufundi wenyewe ni wa karne nyingi. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliisifu milango ya Kilwa kwa nakshi zake na kwa uunganishaji wa mbao zake. Mombasa nayo ilikuwa mji wa matajiri wakati huo, ila bahati yake ilikuwa mbaya: Wareno waliuteketeza mwaka 1505, wakarudi tena mwishoni mwa miaka ya 1520. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mlango anaokuuzia ulikuwapo kabla ya Ngome ya Yesu. Ngome yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan aliyekuwa akiwatumikia Wareno, na jiwe lake limedumu. Mbao hazikuwa na bahati hiyo.

Milango tunayoiona leo Ndia Kuu, Kibokoni na kuelekea Mlango wa Papa ni, kwa sehemu kubwa, ya nusu ya pili ya karne ya 19 na miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Sayyid Said, mtawala wa Oman, alikuwa amewashinda Mazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala mji, na kuitwaa Mombasa mwaka 1837. Fedha za pembe za ndovu na za mashamba zikaingia, wafanyabiashara wa Kihindi wakaongezeka, kisha mwaka 1896 ujenzi wa reli ukaanza na mji ukafurika watu. Mwenye nyumba aliyetaka kujulikana alianza na mlango. Kuta zingeweza kubaki nyeupe na wazi bila pambo lolote. Mlango ndio uliokuwa ukisema yeye ni nani.

Umbo la mlango huo ni moja karibu pwani nzima. Una pande mbili zinazofunguka kuelekea ndani, miimo miwili iliyonakshiwa, kizingiti cha juu chenye kazi nzito kuliko pengine pote, na katikati ubao uitwao mfaa, uliopigiliwa kwenye upande mmoja ili kuziba mwanya pande zikikutana. Lakini mikono iliyoichonga ni ya shule tofauti. Iko ya Siyu, kisiwani Pate: mikato mifupi ya patasi, maumbo ya hesabu yanayojirudia, nyekundu na nyeusi zikipakwa juu. Siyu ulikuwa mji wa mafundi na wanakili wa misahafu hadi ulipoangukia mikononi mwa Sultani Majid wa Zanzibar mwaka 1863. Iko pia milango iliyofuata mtindo wa Unguja ya masultani, yenye maua yaliyoinuka kutoka kwenye ubao, na kwenye kizingiti cha juu aya ya Kurani, mara nyingine pamoja na mwaka wa Hijria. Halafu ipo ya Kigujarati, yenye vijisanduku vya mraba vilivyopangwa safu kwa safu, majani yaliyosongamana na njumu za shaba.

Kuhusu njumu hizo, kuna hadithi ambayo mtalii haondoki Mji wa Kale bila kuisikia: eti ziliwekwa kuzuia tembo wasiuvunje mlango. Huko Bara Hindi milango ya ngome iliwekewa miiba ya chuma kwa ajili ya tembo wa vita, hilo ni kweli. Lakini tembo wa vita hajawahi kupita Kibokoni, na njumu butu ya shaba haiwezi kumzuia hata mbuzi. Ni pambo, na ni mali iliyowekwa hadharani. Vivyo hivyo mnyororo unaozunguka ukingo wa fremu. Mmoja atakwambia ni alama ya mwuza watumwa, mwingine kwamba ni kinga ya nyumba. Mimi naona jambo dogo zaidi: mchongaji anayezunguka fremu nzima anahitaji mstari usiokatika, na mnyororo unampa huo.

Hapo ndipo neno "asili" linapoanza kuleta taabu. Milango mingi mizuri ya Mombasa ilichongwa na mafundi wa Kihindi au kwa msaji ulioletwa na majahazi kutoka ng'ambo, ilhali mingine ni ya mbambakofi wa pwani yetu. Yale masanduku yenye misumari ya shaba ambayo dunia nzima inayaita ya Zanzibar, mengi yalitengenezwa India. Tukisema cha asili ni kile tu ambacho mti wake, fundi wake na mchoro wake vilitoka hapa, tutabaki na vichache sana, na tutakuwa tumeukana mji wenyewe, ambao haujawahi kuwa wa mkono mmoja. Kwangu mimi mlango wa Ndia Kuu uliochongwa na fundi wa Kigujarati ni wa Mombasa, kwa sababu uliagizwa kwa nyumba ya Mombasa na ukaitumikia. Kwa upande mwingine, vinyago vya swala na twiga vya mafundi wa Kikamba wa Changamwe, waliounda ushirika wao miaka ya 1960, ni kazi safi ya mkono, lakini muuzaji akikwambia ni kazi ya kale ya Waswahili, amekudanganya hata kama kinyago ni kizuri.

Nataka kuwa mkweli zaidi: mlango mpya si mlango bandia. Fundi anayechonga leo kwa patasi na nyundo kama babu yake anafanya kazi halali. Udanganyifu huanza pale mlango huo unapopakwa oili chafu ya gari na rangi ya viatu, ukasuguliwa kwa mchanga, ukaachwa nje mvua mbili tatu, kisha ukatafutiwa hadithi ya nyumba iliyobomoka Lamu.

Mnunuzi asiyetaka kuchezewa aanze nyuma ya mlango, mahali ambapo mdanganyifu huwa amechoka. Mbao za zamani zilipasuliwa na kulainishwa kwa mkono. Ukipitisha kiganja utahisi mawimbi ya tezo au randa. Misumari ya njumu hupenya hadi upande huo, ikapindwa na kulazwa juu ya mbao za kukazia. Kisha atazame mlango unazungukaje. Milango ya kale haikutumia bawaba. Ubao wa pembeni uliachiwa ncha juu na chini, nazo zikazunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Miaka mia moja ya kufungua na kufunga huila ncha ikawa na upande, na tundu likapanuka. Ukikuta tundu la duara kamili, uliza maswali.

Uchakavu nao una mantiki yake. Upande mmoja ndio uliotumika kila siku. Wa pili, wenye mfaa, ulifunguliwa panapopita jeneza, harusi au kitanda. Pande zote mbili zikiwa zimechakaa sawasawa, kuna mtu amezichakaza. Sehemu ya chini huliwa na maji ya kuosha baraza na ya mvua, karibu na komeo hung'arishwa na viganja, na kizingiti cha juu, kisichofikiwa na mkono wa mtu, hubaki na makali yake. Nimewahi kuonyeshwa mlango uliosuguliwa kizingiti cha juu hadi maua yakapotea. Ni popo gani waliokuwa wakiupapasa?

Mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta imeleta shida mpya, lakini nayo ina alama zake. Ncha yake inazunguka, kwa hiyo haiwezi kuingia kwenye pembe kali. Kona za ndani hubaki za mviringo. Patasi huacha pembe iliyokatika. Tena mashine hulirudia ua lile lile mara arobaini bila tofauti. Fundi hawezi, na hata akiweza mbao haitamruhusu. Pima maua mawili yaliyo jirani kwa kipande cha uzi, utajua.

Mwaka wa Hijria uliochongwa juu husaidia pia. Mwaka 1312 ulianza Julai 1894, na 1365 ulianza Desemba 1945, kwa hiyo mlango wenye mwaka wowote hadi 1364 unaangukia upande unaolindwa na sheria, na hauwezi kutolewa nchini bila kibali. Muuzaji anayekuapia kuwa mlango wake ni wa 1310, kisha akakuhakikishia kwamba kuusafirisha hakuna tatizo, amekiri kosa moja kati ya mawili: uongo au magendo.

Wataliano waliliona tatizo hili kwa kioo chao. Ushanga wa Venice ulifika pwani hii na kupelekwa bara na misafara, na kisiwa cha Murano kiliposongwa na vioo vya kuiga, jimbo la Veneto lilipitisha sheria mwaka 1994 ya kuanzisha alama ya kutambulisha kioo kilichofanyiwa kazi kisiwani humo. Mji wa Kale wa Mombasa ulipata mpango wake wa uhifadhi mwaka 1990, Makavazi ya Kitaifa yamewahi kuwafunza vijana uchongaji, na Ngome ya Yesu, iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, ni mahali pazuri pa kuzoeza jicho. Lakini nakshi yenyewe haina alama.

Mafundi wa zamani walichonga jina la Mungu, la mwenye nyumba na mwaka, wao wenyewe wakajificha. Ni wachache tunaowajua kwa majina, kama Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi na mwandishi wa hati aliyefariki mwaka 1945, naye tunamkumbuka zaidi kwa kalamu yake kuliko kwa patasi. Mpaka wa 1946 una maana kwamba mlango uliochongwa mwaka 1947, kwa mkono huo huo na kwa mbambakofi huo huo, hauna wa kuutetea. Wanaochonga sasa wangeweza kuanza na jambo lisilohitaji wizara wala leseni: jina la fundi, mtaa na mwaka, vikatwe kwa patasi upande wa nyuma, juu ya ubao wa kukazia, mahali ambapo oili chafu haivifuti.