Kuufuata Mto Loire kwa Baiskeli

Mtu mwenye baiskeli nzima na siku moja ndefu ya kiangazi aweza kuufuata mto Loire, huko Ufaransa, kutoka mji wa Nantes hadi baharini. Ni mwendo wa karibu kilomita 60, na njia ni tambarare. Adui ni upepo tu, kwani aghalabu huvuma kutoka magharibi na kumpiga mwendaji usoni. Nilipita huko nikiwa nimekwisha kustaafu, pamoja na mjukuu wangu asomaye huko. Yeye alikuwa mbele daima, nami nyuma nikinyonga pedali taratibu kama inavyoupasa umri wangu.

Katika karne ya 18 Nantes ilikuwa bandari kuu ya Ufaransa kwa biashara ya utumwa. Safari zaidi ya 1,700 zilianzia hapo. Kwenye gati la Quai de la Fosse, tulikoanzia, vipande vya kioo vipatavyo 2,000 vimepachikwa ardhini, na vilivyo vingi vina jina la meli na mwaka wa safari yake. Chini ya gati upo ukumbusho uliofunguliwa mwaka 2012. Haukupatikana kwa urahisi: mwaka 1998 sanamu iliyosimamishwa gatini kuadhimisha miaka 150 tangu Ufaransa ikomeshe utumwa ilivunjwavunjwa baada ya siku chache tu. Hatua chache kutoka hapo zipo nyumba za wenye meli, zenye nyuso za mawe zilizochongwa juu ya madirisha. Nyingi zimeinama, kwa sababu zilijengwa juu ya mchanga wa mto.

Mchanga huo na tope ndivyo vilivyoitawala historia ya mto. Tulivuka kwa mashua hadi Trentemoult, tukapita Indret, ambako serikali ilianza kusubu mizinga mwaka 1777, na baada ya Le Pellerin tukafika kwenye mfereji wa Martinière. Una urefu wa kilomita 15. Ulichimbwa kati ya 1882 na 1892 ili meli kubwa zikwepe mafungu ya mchanga na kuifikia Nantes. Kazi ya miaka kumi, nao ukatumika kwa miaka kama ishirini hivi! Mashine za kuchimba tope zilipopata nguvu, meli zikarudi mtoni, na mfereji ukawa mahali pa kuegesha merikebu za matanga zilizokosa kazi. Leo wamebaki wavuvi wa ndoano, ndege, na utulivu ambao sikuutazamia.

Kabla ya mfereji huo, meli kubwa ziliishia Paimboeuf, mji mdogo ulio mbele zaidi. Hapo shehena ilihamishiwa matishari na kupandishwa Nantes. Hapo pia meli zilizokwenda Afrika zilikamilisha shehena yake: vitambaa, shanga, bunduki, pombe kali. Zilirudi na sukari, kahawa na pamba. Tuliketi gatini tukala mkate na jibini, mjukuu wangu akiyatazama maji ya rangi ya udongo.

"Babu," akasema, "kumbe watumwa wenyewe hawakupita hapa?"

Hawakupita, isipokuwa wachache walioletwa kuwa watumishi wa nyumbani. Kwa miaka mingi chuoni niliwachorea wanafunzi wangu wa ualimu ile pembetatu: Ulaya, Afrika, Amerika. Ubaoni pande tatu huonekana sawa. Lakini mtu wa Paimboeuf aliuona upande wa vitambaa na upande wa sukari. Upande wa tatu, wenye watu ndani ya ngama, ulikuwa katikati ya bahari. Kwa maoni yangu, hilo lilisaidia mji huu kukaa muda mrefu hivyo bila kusema neno.

Msomaji wa pwani yetu asidhani hayo ni mambo ya Atlantiki pekee. Septemba 1776 Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20. Alikuwa akiwapeleka Île de France, ambayo leo ni Mauritius. Karatasi ile nayo ina idadi na bei, kama vile vioo vya Nantes vilivyo na majina ya meli. Majina ya watu hayamo kote kuwili.

Paimboeuf nayo ilishindwa na tope. Katikati ya karne ya 19 shughuli zilihamia Saint-Nazaire, ng'ambo ya mto na karibu zaidi na bahari, nayo ikabaki na gati lake refu na wakazi wachache. Kutoka hapo njia hupita vibanda vya wavuvi vilivyosimama juu ya nguzo, kila kimoja na wavu wake wa mraba wa kushusha majini, kisha hutokea Saint-Brevin, chini ya daraja lililofunguliwa mwaka 1975, lenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu. Hapa bahari huanza. Manahodha wa zamani walihitaji maji yanayokupwa na upepo wa mashariki ili watoke. Tulipofika sisi upepo ulikuwa bado wa magharibi, na maji yalikuwa yakijaa, yakirudisha tope kuelekea Paimboeuf.