Ukanda wa Fokasi: Kwa Nini "Kina" Hakitoshi

Simba jike amelala kwenye nyasi ndefu. Mpiga picha analenga jicho na kubonyeza. Picha inatoka na jicho lililo bayana hadi kope zinahesabika, lakini nyasi zilizo mbele ya pua zimefifia, na kilima cha nyuma kimebaki rangi tupu. Kati ya nyasi zile na kilima kile kuna sehemu ambayo kila kilichomo kinaonekana sawasawa. Sehemu hiyo ina mwanzo na mwisho, na upana wake unapimika kwa sentimeta. Kiingereza huiita depth of field. Kwa Kiswahili kila mwalimu wa upigaji picha ana jina lake, na baadhi ya majina hayo yanampoteza mwanafunzi kabla hajashika kamera.

Jina la kwanza ni "kina cha uwanja". Hili ni neno kwa neno, na msomaji anayekutana nalo bila maelezo atafikiria uwanja wa mpira uliochimbwa. Wapo wanaojaribu "kina cha uga", kwa kuwa fizikia ya Kiswahili ina uga, kama katika ugasumaku. Lakini uga wa fizikia ni eneo ambalo nguvu fulani inatenda kazi, na mbele ya kamera hakuna nguvu ya namna hiyo. Jina la tatu, linalosikika zaidi, ni "kina cha fokasi". Hili lina mantiki, kwa sababu fokasi inajulikana tangu somo la lenzi shuleni. Ugumu wake ni kwamba tayari lina kazi nyingine, nami nitaieleza baada ya kueleza kitu chenyewe.

Nuru inayotoka kwenye nukta moja, tuseme ncha ya unywele wa simba, huingia kwenye lenzi ikiwa imetawanyika. Lenzi huikusanya hadi ikutane tena kwenye nukta moja. Makutano yakiangukia juu ya sensa, yaani kipokea-nuru kilicho ndani ya kamera, unywele hutoka bayana. Yakiangukia mbele ya sensa au nyuma yake, sensa hupokea kiduara badala ya nukta, na kiduara kikikua tunaona ukungu. Kwa hesabu kali, basi, ni umbali mmoja tu ulio kwenye fokasi kamili, na vitu vilivyo kwenye umbali mwingine vimeikosa kidogo au sana. Kinachotuokoa ni udhaifu wa jicho la binadamu, kwani kiduara kidogo vya kutosha tunakiona kama nukta. Kwa sensa ya milimita 36 kwa 24, mazoea ya wapiga picha ni kukubali kiduara cha milimita 0.03. Vitu vyote ambavyo viduara vyake havivuki kipimo hicho ndivyo vilivyo ndani ya sehemu tunayoitafutia jina.

Hapa neno "kina" linaanza kuyumba. Mswahili akisikia kina huangalia chini: kina cha kisima, kina cha maji bandarini. Sehemu hii haiendi chini. Imetandazwa mbele ya kamera kama pazia nene lililoning'inizwa kukukabili, na simba akipita ndani ya unene wake anaonekana, akitoka upande wowote anafifia. Ukisogeza fokasi, pazia lote linasogea nayo. Lugha yetu ina neno la kitu kirefu chenye mipaka miwili na upana katikati, nalo ni ukanda. Tunasema ukanda wa pwani na ukanda wa mvua, na tunajua kwamba ukanda unaweza kuwa mpana au mwembamba. Ndiyo maana napendekeza "ukanda wa fokasi". Mwanafunzi akilisikia huuliza maswali mawili yanayotakiwa: unaanzia wapi, na una upana gani?

Upana huo huamuliwa na tundu la lenzi, urefu wa fokasi (zile milimita zinazotajwa kwenye jina la lenzi), umbali wa unayempiga, na ukubwa wa kiduara tunachokubali.

Tundu la lenzi ndilo linalowachanganya wengi, kwa sababu f/4 ni tundu kubwa na f/8 ni dogo, ilhali nane inaizidi nne. Kiswahili kinaweza kulimaliza tatizo hili vizuri kuliko Kiingereza kinavyofanya darasani. Alama hiyo ni sehemu: f ni urefu wa fokasi, na mstari ni wa kugawanya. Basi isomwe kama sehemu. f/2 ni nusu, f/4 ni robo, f/8 ni thumuni. Lenzi ya milimita 400 ikiwekwa robo, tundu lake lina kipenyo cha milimita 100. Ikiwekwa thumuni, kipenyo ni milimita 50. Hakuna aliyekwenda sokoni asiyejua kwamba robo kilo ni nyingi kuliko thumuni. Mwaka 1932 huko California, wapiga picha Ansel Adams, Edward Weston na wenzao walijiita Group f/64, jina lililotokana na tundu dogo kabisa la kamera zao kubwa. Walitaka kila kitu kionekane bayana, kuanzia jiwe la miguuni hadi mlima wa mbali, na sehemu moja ya sitini na nne ya urefu wa fokasi iliwapa ukanda mpana waliouhitaji. Kwenye kamera za leo zenye sensa ndogo kuliko zile, njia hiyo ina gharama. Ukifika f/22, nuru yenyewe hupinda inapopita kwenye kitundu, na picha nzima hulainika.

Umbali una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Chukua lenzi ya milimita 400 kwa f/4, na simba aliye mita 20 kutoka kwenye gari. Ukanda una upana wa karibu sentimeta 60. Kichwa chake chote kitaingia, na akiwa amekaa ubavu, mwili wake wote utaingia pia, kwa kuwa ubavu unalala sambamba na ukanda. Akikugeukia uso kwa uso, kiwiliwili kitabaki nje. Ukibana tundu hadi f/8, ukanda unafika mita 1.2. Sasa mwache simba mwenyewe aje, kama wanavyofanya Serengeti na Maasai Mara wakitafuta kivuli cha gari saa za jua kali. Akiwa mita 5, lenzi ileile kwa f/4 inabakiza ukanda usiofika sentimeta 4. Jicho likiwa bayana, pua haimo. Umbali umepungua mara nne, na ukanda umepungua zaidi ya mara kumi na tano.

Hapo pia inaanguka kanuni inayofundishwa sana, kwamba theluthi moja ya ukanda huwa mbele ya unacholenga na theluthi mbili nyuma yake. Ni kweli kwa umbali mmoja mahususi tu, na mara nyingi umbali huo ni wa mpiga picha wa mandhari mwenye lenzi fupi. Kwa lenzi ya milimita 400 na mnyama aliye mita 20, ukanda hugawanyika karibu nusu kwa nusu. Ukiwapiga ndovu wawili waliopishana, mmoja mbele na mwingine nyuma kidogo, ukimlenga wa mbele kwa kutegemea theluthi mbili za nyuma, wa pili atakuponyoka.

Mpiga picha za watu hukutana na ukanda uleule kwa vipimo vidogo zaidi. Lenzi ya milimita 85 kwa f/1.8, na mtu aliyekaa mita 2, hutoa ukanda wa karibu sentimeta 6. Akitazama moja kwa moja, macho yote mawili yanaingia. Akigeuza uso kidogo, kama bibi harusi anavyoelekezwa ili hereni ionekane, jicho la karibu linakuwa bayana na la mbali linaanza kulainika. Kwa sababu hiyo fundi hulenga jicho lililo karibu na kamera, na akitaka uso mzima pamoja na urembo wa kilemba hubana hadi f/5.6, ambapo ukanda unafika sentimeta 18 hivi. Familia ya watu kumi katika safu mbili ni hatari kuipiga kwa f/1.8 hata kama nuru ni haba. Hapo ni kuongeza taa, au kuzisogeza safu zikaribiane.

Sasa turudi kwenye "kina cha fokasi". Ndani ya kamera, upande wa pili wa lenzi, kuna nafasi ndogo ambayo sensa inaweza kusogea mbele au nyuma bila picha kuharibika. Kiingereza kina jina la nafasi hiyo, depth of focus, na mafundi wa kamera na lenzi huihitaji kila siku. Kwa f/4 na kiduara cha milimita 0.03, nafasi hiyo ni milimita 0.24, karibu robo ya milimita. Linganisha na sentimeta 60 za kule nje kwa simba. Tofauti si ya ukubwa tu. Ukibadilisha lenzi ya milimita 400 ukaweka ya 50 bila kumsogelea simba, ukanda wa nje unapanuka mno, lakini nafasi ya ndani, kwa f/4 ileile, inabaki karibu vilevile. Vitu viwili vinavyofuata kanuni mbili haviwezi kuitwa jina moja. "Kina cha fokasi" kibaki ndani ya kamera, mahali ambapo fundi anapima kweli kuingia na kutoka kwa sensa. Nje, mbele ya lenzi, tuseme ukanda.

Lipo pia suala la ukungu wenyewe. Kiasi cha ukungu ni jambo moja, na uzuri wake ni jingine. Taa za Forodhani usiku, zikiwa nyuma ya mtu aliyelengwa, hugeuka viduara vya rangi. Lenzi moja huvitoa laini, nyingine huvitoa na kingo kali zinazosumbua jicho. Waingereza na Wamarekani hawakuwa na neno la sifa hiyo, wakalichukua boke la Kijapani, na mwaka 1997 jarida moja la Marekani likaliandika kwa herufi h mwishoni ili wasomaji wake walitamke vizuri. Sisi hatuna haja ya herufi hiyo. Boke lina silabi zilizo sawa na zetu, nasi tunaweza kulitumia lilivyo kwa sifa ya ukungu, tukaliacha neno ukungu kwa ukungu wa kawaida.

Kwenye simu ukanda ni mpana kwa maumbile. Sensa yake ni ndogo, lenzi yake ya kweli ina milimita chache tu, na mtu aliye mita 2 huzungukwa na ukanda unaovuka mita moja kwa urahisi. Ukungu wa nyuma unaoonekana kwenye picha za simu hutengenezwa na programu. iPhone 7 Plus ilifanya hivyo mwaka 2016 kwa kulinganisha lenzi mbili, na mwaka uliofuata Pixel 2 ya Google ikafanya kwa lenzi moja. Programu hukadiria umbali wa kila sehemu ya picha, kisha hufifisha zilizo mbali. Angalia kingo za nywele za afro, pete ya hereni, au mwanya kati ya mkono na kiuno. Makosa ya makadirio hujificha humo, kwani ukanda wa kweli hufifia taratibu lakini ukungu wa programu hukatika ghafla.

Istilahi nzuri humsaidia mtu kutafuta kosa. Picha ikiwa na ukungu, kagua kwanza nyasi. Nyasi za mbele au za nyuma ya mnyama zikiwa bayana, ukanda upo ila umeuweka mahali pasipo pake. Kama hakuna kilicho bayana popote, chunguza kasi ya shata, maana mtikisiko wa mkono au wa injini iliyoachwa ikinguruma unafuta kila kitu kwa pamoja. Kuzima injini na kulaza lenzi juu ya mfuko wa maharage dirishani huponya zaidi kuliko kubadilisha tundu. Na ikiwa ni saa sita mchana, mnyama yuko mbali, na umbo lake linachezacheza kama maji, hayo ni mazigazi. Hewa yenye joto ndiyo inayopinda nuru njiani, na dawa yake ni kusogea karibu au kurudi alfajiri.

Kamera za leo humfuata mnyama jichoni zenyewe. Sony ilileta uwezo huo kwa macho ya wanyama mwaka 2019, na wengine wakafuata. Mashine imechukua kazi ya kuuweka ukanda mahali pake. Upana wa ukanda bado ni uamuzi wa mpiga picha, na ndio unaoamua kama tutaona jicho la simba peke yake, au simba na watoto wake watatu.

Kwa watungaji wa kamusi na walimu, basi, naiweka hivi. Ukanda wa fokasi: sehemu iliyo mbele ya lenzi, kutoka umbali wa karibu hadi wa mbali, ambayo vilivyomo huonekana bayana pichani; huwa mpana au mwembamba kulingana na tundu la lenzi, urefu wa fokasi, umbali wa kilengwa na kiduara kinachokubalika. Kina cha fokasi: nafasi iliyo ndani ya kamera ambamo sensa inaweza kusogea bila picha kupoteza ubayana. Mwalimu atakayepata neno bora kuliko ukanda alitumie, mradi tu asivirudishe vitu hivi viwili chini ya jina moja.