Safina Ina Mlango

Je, ni halali kwa mwanadamu kumfungia kiumbe wa porini au wa baharini ili watu walipe kiingilio na kumtazama? Huko ng'ambo swali hili huulizwa sana juu ya pomboo, wanaowekwa katika mabwawa na kufundishwa kuruka kwa amri ya mtu. Wengi wetu hapa Chitete hatujamwona pomboo, kwa kuwa bahari iko mbali nasi. Lakini swali lenyewe si geni, na historia ya nchi yetu na ya pwani yetu imekwisha kulijibu kwa njia zaidi ya moja.

Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China, akawa zawadi kwa mfalme Yongle. Watu wa ikulu walimfananisha na mnyama mtakatifu wa masimulizi yao, wakaona ujio wake ni ishara ya utawala mwema. Ilikuwa heshima kubwa, lakini ilikuwa heshima ya mfalme. Twiga mwenyewe alivushwa bahari, akaachanishwa na kundi lake na malisho yake.

Novemba 2010 jambo hilo lilirudi kwa sura mbaya zaidi. Wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga wanne, walisafirishwa kwa magendo kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro katika ndege ya jeshi la Qatar. Watanzania tuliulizana: twiga, kwa urefu ule, alipandaje ndege? Bungeni palichafuka. Mwaka 2014 mahakama mjini Moshi ilimhukumu raia mmoja wa Pakistan kifungo cha miaka 60, naye hakuwepo kukisikia kwa sababu alikuwa ametoroka. Tulililia mali ya taifa iliyoibiwa, na ilikuwa haki kulia. Ila ni wachache waliomtaja twiga kama kiumbe aliye na Muumba wake.

Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Juni 2022 ikatangazwa kwamba wafanyabiashara waliobakiwa na wanyama wangepewa miezi 6 kuwauza nje. Wananchi walipaza sauti, na tangazo likasitishwa mara. Hoja ya wafanyabiashara wale tusiidharau: walikuwa na leseni, nao wana watoto wa kulisha. Hata hivyo, leseni humruhusu mtu kuuza. Haimwambii kama kinachouzwa kinateseka.

Basi, je, kila kizuizi ni dhambi? Hapo historia inatuzuia tusihukumu kwa haraka. Kati ya 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani aliwaleta sokwe 17 katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Walikuwa wamekamatwa Afrika Magharibi wangali wadogo, wakaishi vizimbani Ulaya. Walipofunguliwa walijifunza upya kujitafutia chakula msituni, wakazaa, na uzao wao upo hadi leo.

Tena kuna chura mdogo wa Kihansi, anayeishi penye manyunyu ya maporomoko katika milima ya Udzungwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wametoweka. Lakini waliotunzwa walizaliana, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao. Tukumbuke kwamba umeme ule tunautumia sisi Watanzania. Aliyewatoa vyura nyumbani hakuwa mgeni mwenye tamaa peke yake. Ni mahitaji yetu pia.

Mambo haya yanatupeleka kwa Nuhu. Safina nayo ilikuwa kizuizi. Wanyama walifungiwa ndani siku nyingi, na mlango ulifungwa na Mungu mwenyewe. Lakini walifungiwa ili waishi, na maji yalipokauka Mungu akaagiza watoke wote, wakaongezeke juu ya nchi. Yule twiga wa Malindi hakuwa na gharika ya kukimbia. Pomboo anayerushwa ili watazamaji wapige makofi hana pia. Vyura wa Kihansi walikuwa nayo, na mlango wao ulifunguliwa.

Mtu atatuuliza: na ng'ombe wetu, na mbuzi tunaowafunga kamba? Sheria ya Musa ilimruhusu mtu kufuga, ila ikaagiza ng'ombe naye apumzike siku ya Sabato, wala asifungwe kinywa anapopura nafaka. Mamlaka tuliyopewa ni ya mtunzaji atakayetoa hesabu. Kwa hiyo kijana wetu akimnasa ndege au akimfunga kima uani ili wenzake wacheke, tusimwache hivi hivi tukisema ni mchezo. Tumuulize: huyu umemfungia kwa faida ya nani, na utamfungulia lini?