Kafara na Muda: Kusoma Njozi za Giza kwa Picha kutoka Lubumbashi

Anayefungua kwa mara ya kwanza riwaya ndefu ya picha yenye njozi za giza hukutana na damu kabla ya kukutana na sababu yake. Ndivyo inavyoanza Berserk, kazi ya Mjapani Kentaro Miura iliyoanza mwaka 1989, ambayo mwandishi wake hakuimaliza kwa kuwa alifariki Mei 2021. Juzuu za mwanzo zinamwonyesha Guts, mpiganaji mwenye jicho moja na mkono wa chuma, akiwindwa na mashetani kila usiku kwa sababu ya alama iliyo shingoni mwake. Alama hiyo imetoka wapi, msomaji haambiwi. Ni rahisi kukifunga kitabu hapo na kukihukumu kuwa ni ukatili uliochorwa kwa ustadi, au burudani ya kigeni isiyomhusu kijana anayekisoma kwa Kifaransa katika mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi. Nadai kwamba hukumu hiyo ni ya haraka. Kiini cha riwaya za namna hii ni kafara, yaani mwili wa mtu mmoja kutolewa ili mwingine apate nguvu au mali, na kafara haieleweki katika picha moja, kwa sababu bei yake hudaiwa baadaye. Mfululizo ndio chombo kinachofaa kuonyesha kuchelewa huko. Jambo hili Lubumbashi imelijua kwa brashi yake yenyewe.

Tuanze na picha moja isiyo na mfululizo. Katika miaka ya 1960 na 1970, sebule nyingi za Lubumbashi zilikuwa na mchoro wa mamba muntu, mwanamke wa majini mwenye nywele ndefu na kiwiliwili cha chini cha samaki. Mchoro ulionyesha uzuri na ahadi ya utajiri, lakini haukuonyesha malipo. Malipo yalisimuliwa na watu waliokaa mbele yake: kwamba anayepokea mali ya mamba muntu hutakiwa kutunza siri yake, na pengine kumtoa ndugu. Picha ilibeba nusu ya hadithi, na mazungumzo yakabeba nusu iliyobaki. Mtu aliyeitazama bila kusikia mazungumzo hayo aliona pambo la ukutani tu.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1947, alifanya jambo kubwa zaidi. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi katika picha zipatazo 100, akamweleza kwa Kiswahili Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu hapa, maana ya kila moja. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na kwa haki. Mfululizo wake unapita kwa mababu, Wareno, mfalme Msiri aliyeuawa na Kapteni Bodson mwaka 1891, utawala wa Wabelgiji, mauaji, katika uwanja wa michezo, ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliogoma Desemba 1941, na kifo cha Lumumba na wenzake Mpolo na Okito tarehe 17 Januari 1961. Katikati ya matukio hayo yenye tarehe amemweka Simba Bulaya, simba wa Ulaya, wale ambao wakazi wa mji wa kikoloni waliwaita batumbula: watu wa usiku walioteka Waafrika ili waliwe. Habari yao haikutengewa sehemu ya ngano. Imo katika historia ileile yenye mgodi, fimbo na risasi. Mpangilio huo ndio hoja ya mchoraji. Anayezitazama picha hizo kwa kufuatana huiona kazi ya mgodini inayomaliza mwili wa mfanyakazi, kisha humwona mzungu anayekula mwili huo, na hapo huelewa kwamba picha zote mbili zinasema habari moja kwa njia mbili. Kisha kifo cha Lumumba kinachorwa kwa sura ya Golgotha, na damu inayotiririka ardhini inaandika neno umoja kwa Kifaransa. Kafara ya awali ilichukua miili ya watu ili kampuni ineemeke, ilhali hii inaacha deni kwa taifa zima.

Nikirudi kwa Miura, naona mpango wa kazi yake ukifunguka. Baada ya juzuu tatu za mwanzo hadithi inarudi nyuma, na kwa takriban juzuu kumi tunaona ujana wa Guts katika Kundi la Mwewe chini ya Griffith, kiongozi mzuri wa sura anayetamani kuwa na ufalme wake. Griffith anapovunjwa mwili na tumaini, anawatoa wenzake wote kwa mashetani, naye anazaliwa upya mwenye nguvu. Alama ya shingoni ni stakabadhi ya biashara hiyo. Miura ametanguliza bei na kuchelewesha mkataba, kinyume cha mamba muntu wa ukutani aliyetanguliza mali na kuficha bei. Msomaji mgeni anayeacha katika juzuu ya pili ameona deni bila kujua mdaiwa, na hukumu yake haiwezi kuwa ya haki. Kinshasa nako, mchoraji Papa Mfumu'eto alitunga mwaka 1990, kwa Kilingala, katuni ya mtu anayegeuka chatu, anammeza mwanamke, kisha anatapika dola. Wasomaji wake hawakuhitaji kufundishwa kwamba habari hiyo ilihusu pia fedha na wakubwa wa siku hizo.

Litatokea pingamizi kwamba batumbula walikuwa uvumi, na kwamba kuuweka uvumi kando ya mgomo wa 1941 ni kuidhoofisha historia ya kweli. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu waliokufa katika uwanja ule wa michezo wanastahili ushahidi, hawastahili ngano. Lakini mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa wanyonya damu katika Afrika ya kikoloni, ameonyesha kwamba masimulizi hayo ni ushahidi wa aina nyingine: hayathibitishi kwamba watu walinyonywa damu, yanathibitisha jinsi walivyoielewa kazi, mshahara na mamlaka juu ya miili yao. Tshibumba hakuchanganya mambo kwa ujinga. Alijua kwamba tarehe inasema lini na wapi, ila haisemi ilikuwaje kuishi chini ya nguvu isiyojieleza.

Pingamizi la pili ni la umbo: Tshibumba hakuchora riwaya ya picha, yaani BD. Hana visanduku, picha zake nyingi ziliuzwa mojamoja, na mfululizo kamili ulipatikana kwa kuwa palikuwa na profesa wa kuununua. Yote ni kweli. Hata hivyo mfuatano, maandishi ndani ya picha na sauti ya msimulizi vimo, na vitatu hivyo ndivyo vinavyofanya picha isomwe badala ya kutazamwa tu.

Pingamizi linalobaki ni zito zaidi, nalo husemwa hasa makanisani: kwamba michoro hii hufungulia pepo mlango. Wanaosema hivyo wameelewa jambo ambalo wahakiki wengi hulipuuza, kwamba picha humtenda kitu anayeitazama. Na Griffith kweli anavutia. Anaporudi katika umbo jipya, umati unampokea kama mwokozi, na Miura anamchora kwa nuru. Ila msomaji aliyefuata juzuu zote anajua nuru hiyo ilinunuliwa kwa akina nani, anawajua kwa majina na nyuso, na hawezi kushangilia pamoja na umati. Kumbukumbu ya bei imewekwa mikononi mwake, na imefika hapo kwa sababu ya urefu wa mfululizo. Aliyeona ukurasa mmoja tu wa Griffith aking'aa ndiye aliye hatarini, kama alivyokuwa yule aliyemtazama mamba muntu bila kusikia masimulizi ya sebuleni.

Kwa sababu hiyo ni hasara ya wazi kwamba mfululizo wa Tshibumba upo Wereldmuseum (zamani Tropenmuseum), Amsterdam, na kwamba kitabu kilichouchapisha kwa ukamilifu, Remembering the Present cha mwaka 1996, ni cha Kiingereza. Mjini hapa picha zake hujulikana mojamoja: Colonie Belge, Lumumba mbele ya umati, labda na nyingine chache. Maelezo yake ya Kiswahili, kwa lugha hasa ya Katanga, yamenukuliwa na Fabian na yanaweza kusomwa. Kuyaunganisha tena na picha kwa mpangilio wake, katika juzuu nyembamba za bei ambayo mwanafunzi wa Lubumbashi anaweza kulipa, ni kazi inayowezekana kwa chuo kikuu, kwa jumba la makumbusho la taifa lililopo hapa au kwa kituo cha sanaa kiitwacho Picha, na ingempa msomaji mpya mfululizo wa kwanza ulio sahihi kuanza nao kabla hajafika kwa Miura.